Kinu na Jiwe Namba Saba

Chumba cha kusagia mawe kilikuwa chini kabisa ya jengo, mwisho wa korido, na mlango wake haukufungika mpaka uunyanyue kidogo kwa goti. Humo ndani mtu mmoja alikuwa ameponda mawe kwa miaka ishirini na moja. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili. Watu wote, kuanzia mkuu wa idara hadi mlinzi wa getini, walimwita Kinu, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina lake halisi aligeuka kwanza kutazama ni nani anayeitwa.

Hakuanza na mawe. Alianza na sufuria. Miaka ishirini na minne iliyopita mwanamke mmoja mwembamba, mwenye shahada mpya na buti zilizomzidi miguu, alitafuta wapagazi na mpishi wa kwenda naye mlimani majuma matatu. Alisema anakwenda kutafuta alama za barafu iliyoyeyuka kabla babu wa babu zao hawajazaliwa. Wapagazi walicheka wakashika mbavu.

“Dada, kitu kimeshayeyuka, sasa unakitafuta cha nini?” mmoja alimwuliza.

“Nataka kujua kiliondoka lini,” alijibu, bila kukasirika.

“Kwani hakikukuaga?”

Tangu siku ile wakamwita Mama Barafu, ingawa hakuwa na mtoto wala barafu. Baadaye alipanda vyeo, akawa Profesa, na jina la wapagazi likabaki la huko huko mlimani.

Kinu wakati huo alikuwa kijana aliyeishia darasa la saba, aliyejifunza kupika kwenye jiko la shule ya bweni. Aibu yake ilikuwa ya kupindukia. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja alimjibu mmoja. Lakini maneno ya yule mpagazi yalimganda kichwani kama wimbo. Alipanda mlima kwa sababu hiyo tu: alitaka kusikia jibu, ila hakutaka awe yeye wa kuuliza.

Siku ya tisa, wengine wakiwa wamekwenda kuchota maji, alipiga moyo konde.

“Samahani,” alisema, macho yakiwa kwenye sufuria. “Unajuaje barafu ilifika wapi, na sasa haipo?”

Mama Barafu aliketi juu ya gunia la viazi. “Ukifagia uwanja, ukaitwa ndani kabla hujamaliza, taka zinabaki wapi?”

“Pale fagio lilipoishia.”

“Zinabaki vipi?”

“Zimejipanga. Mstari.”

Mama Barafu alinyoosha mkono. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na tuta refu la mawe, limejipinda kama upinde, nalo Kinu alikuwa akilitazama kila asubuhi siku nane bila kuliona. “Fagio liliishia pale,” alisema. “Barafu ilisukuma mawe hayo yote kutoka kule juu, kisha ikachoka.”

Siku hiyo viazi viliungua, na Kinu hakuwahi kujuta.

Akajiwekea sharti: swali moja kwa safari moja. Aliogopa kwamba akiuliza mawili ataonekana msumbufu. Kwa hiyo swali lake aliliandaa miezi mingi, akalichonga, akalipunguza maneno, na mara nyingine alilifanyia mazoezi mbele ya mkewe, aliyekuwa fundi cherehani na hakuwa na subira na maswali yasiyo na vipimo. Mama Barafu alikuja kulijua sharti hilo, naye akaliheshimu. Mwisho wa kila safari, mizigo ikifungwa, alisimama karibu na jiko na kusema, “Haya, Kinu, swali liko wapi?”

Safari ya pili aliuliza: “Na utajuaje ni lini?”

“Mawe yenyewe yanahesabu,” alijibiwa.

Kinu alidhani anataniwa. Na kwa kuwa swali la safari lilikuwa limekwisha, alikaa na jibu hilo mwaka mzima kama mtu aliyemeza mbegu ya embe.

Safari ya tatu hakuuliza kitu. Mvua na upepo viliwatenganisha. Mama Barafu alikuwa ametangulia juu na wapagazi wawili, Kinu na wenzake wanne wakakwama siku tatu kwenye tuta dogo lililo juu ya lile kubwa, upepo ukizima moto kila ulipowashwa. Palikuwa na pengo moja kati ya mawe mawili makubwa, na upepo wote wa mlima uliona njia ni hiyo. Walitafuta cha kuzibia. Wakaona jiwe moja bapa, pana kama meza, hatua chache juu ya mteremko. Wakatia mtaimbo chini yake, watu watano wakasukuma, likainuka, likasimama kwa ubavu, likaenda chali na kutulia pengoni kama lililopimwa.

“Jiwe hili halijafanya kazi tangu liumbwe,” alisema mpagazi mmoja akifuta jasho. “Leo limepata ajira.”

Kinu alipigilia kigingi cha chuma kwenye ufa wake, akakifungia kamba ya turubai kwa waya mwekundu, na moto ukawaka. Siku tatu alipika ubavuni mwa jiwe hilo, na juu yake akakatia vitunguu.

Mwaka huohuo Mama Barafu alipata chumba cha chini chuoni na mashine ya kusagia, akahitaji mtu wa kukaa nacho. Kazi yenyewe haikuwa na maneno mengi, na hilo lilimfaa Kinu kuliko mshahara. Aliponda kila jiwe mpaka likawa kama mchanga, akalichekecha, akaliosha kwa asidi, akatoa chembe nyeupe zinazofanana na chumvi ya mawe. Chembe hizo zilisafirishwa mbali, kwenye mashine kubwa ya kuhesabu, na baada ya miezi zilirudi zikiwa namba.

Siku moja Mama Barafu aliteremka, akamkuta anabadilisha kalenda ya mwaka uliopita. Akamzuia mkono.

“Ngoja. Tazama ukuta.”

Mahali palipokuwa na kalenda palikuwa kijani kibichi, kama pamepakwa jana. Ukuta uliobaki ulikuwa umefifia.

“Jua la dirishani limepiga ukuta wote isipokuwa hapa,” alisema. “Ukijua jua linafifisha rangi kwa kasi gani, ukuta utakuambia umekaa wazi siku ngapi. Sasa, kutoka angani inashuka miale mingine ambayo hatuioni. Inapiga mawe mchana na usiku, na kila ikipiga inaacha alama ndani ya zile chembe zako nyeupe. Barafu ikilileta jiwe na kulitua, hesabu inaanza siku hiyo.”

Kinu alitazama ukuta muda mrefu. Hapa hawakuwa safarini, kwa hiyo hakujua kama anaruhusiwa kuuliza. Alisema tu, kama anayejisemea, “Na upande wa chini?”

“Upande wa chini ni huo wa nyuma ya kalenda. Ndiyo maana tunachukua kipande cha juu tu, kwenye jiwe ambalo halijaguswa. Jiwe likigeuzwa linasema uongo, na sisi tunauandika.”

Jioni ile Kinu alilikumbuka jiwe la jikoni, akaweka sahani ya chakula chini. Kisha akajituliza. Mlima ule ulikuwa na mawe kama mchanga wa pwani. Nani angeliendea hilo? Baada ya wiki alikuwa amelisahau.

Miaka miwili baada ya ile mvua mkewe alijifungua mapacha, na Kinu akabaki nyumbani. Hiyo ndiyo safari pekee aliyoikosa. Mama Barafu alirudi na mifuko saba ya turubai. Mawe sita yalitoka kwenye tuta kubwa la chini, la saba kutoka tuta dogo lililo juu zaidi, ambako jiwe zima lisilopasuka lilipatikana moja tu. Kinu aliyaponda yote, moja baada ya jingine. Jiwe likifika kwake lilikuwa kipande kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa na namba.

Namba ziliporudi, mawe sita yalisema kitu kimoja: miaka elfu kumi na saba. La saba lilisema elfu tano na mia moja.

Kinu alikumbuka vizuri siku hiyo. Mama Barafu aliteremka ngazi mbilimbili na karatasi mkononi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. “Kinu,” alisema kwa sauti ya chini, “barafu ilirudi. Iliondoka, halafu ikarudi, wakati watu walikuwa wameshaanza kulima. Hakuna aliyewahi kusema hivyo.”

Aliliita tukio hilo Baridi ya Pili. Aliandika juu yake, akaitwa mikutanoni, akabishiwa. Bwana mmoja wa ng'ambo alimwandikia kwamba jiwe moja haliwezi kuwa shahidi. Mama Barafu alikubali kwamba bwana huyo ana haki ya kusema hivyo, na kwa sababu hiyo alirudi kwenye tuta lile dogo mara tano kutafuta jiwe la pili. Hakulipata. Mengine yote yalikuwa yamepasuka kwa baridi au madogo mno. Na kila mara kambi ilipigwa bondeni penye maji; yeye alipanda na wanafunzi, Kinu akabaki na sufuria.

Aliuliza Baridi ya Pili ilitokana na nini. Alitafuta jibu kwenye tope la maziwa, kwenye majivu ya volkano, kwenye mbegu za majani zilizofukiwa. Miaka kumi na tisa ikapita hivyo, nywele zikawa nyeupe, naye akawa profesa anayetajwa kwa jambo moja. Sasa alikuwa anastaafu. Kitabu chake chote cha kazi ya mlima kilikuwa tayari, na sura ya mwisho ilikuwa Baridi ya Pili. Mchapishaji alikuwa anaisubiri Ijumaa.

Jumanne, Profesa alimwomba Kinu apande ofisini amchagulie picha za siku ya kuagwa. Picha za zamani zilikuwa slaidi, vipande vidogo vya filamu kwenye fremu za karatasi, masanduku manne. Alimwachia meza, kisanduku chenye taa ya kutazamia, na kioo cha kukuza, akaenda kwenye kikao.

Kinu alifurahia kazi hiyo. Aliona wapagazi wakiwa vijana, buti kubwa za Mama Barafu, na sufuria yake iliyotumbukia korongoni ikiwa bado hai. Kisha akaweka slaidi moja kwenye taa, na mkono ukabaki hapohapo.

Ilikuwa picha ya jiwe. Juu yake palikuwa na nyundo na kadi yenye namba 7. Ubavu mmoja wa jiwe ulikuwa na weusi, na pembeni mwa picha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyembamba: ukungu mweusi wa mawe. Kinu alisogeza kioo. Kwenye ufa, karibu na weusi huo, kulikuwa na kitu kimejikunja kama kidole kinachoita. Kilikuwa kigingi cha chuma, na shingoni kilikuwa na waya mwekundu.

Waya ule aliufunga yeye. Na weusi ule haukuwa ukungu. Ulikuwa masizi ya supu yake.

Aliitia slaidi kwenye mfuko wa shati, akayafunga masanduku, akashuka. Siku hiyo hakuponda kitu.

Nyumbani mkewe alikuwa ameinamia cherehani karibu na dirisha, anamalizia sare za shule kabla mwanga haujaondoka.

“Baba watoto, umerudi mapema. Mawe yamekwisha?”

Kinu aliketi kwenye kigoda. Akamweleza kila kitu, kwa mpangilio, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu siku ya kumchumbia, na hata siku hiyo alisaidiwa na shangazi yake. Mkewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

“Kwa hiyo jiwe ambalo amelipigania miaka yote hii,” alisema, “ni jiko lako.”

“Kinga ya upepo ya jiko langu.”

“Samahani. Kinga ya upepo.” Akauma midomo kuzuia kicheko, kisha akaona uso wa mumewe, kicheko kikaondoka chenyewe. “Na anayejua ni wewe peke yako?”

“Wapagazi hawajui habari ya namba. Nikinyamaza, hakuna atakayejua.”

“Na ukisema?”

“Ijumaa kitabu kinaondoka. Nikisema, sura ya mwisho inakufa. Watu watasema maisha yake yote alikuwa anatazama jiko.” Akainamisha kichwa. “Atanichukia.”

Mkewe alivuta sare iliyokuwa mbele yake, akaipindua. “Mimi nikikata kitambaa kinyume, huwa nafanya nini?”

“Unanilaumu mimi.”

“Hapo kwanza. Halafu?”

“Unapima upya.”

“Na nikikata kinyume, wewe ukaona, ukanyamaza mpaka mteja amevaa akaenda nayo harusini?”

Kinu aliokota uzi uliokatika sakafuni, akauviringisha kidoleni.

“Kwanza,” mkewe aliendelea, akitia uzi sindanoni, “yeye huyo alikwenda mlimani kutafuta nini? Si alitaka kujua? Basi mwache ajue. Kama ni kuchukiwa, uchukiwe ukiwa umeshasema. Sasa ondoka hapo, unanizibia mwanga.”

Jumatano asubuhi Kinu alipanda ngazi. Kwenye kila ngazi alipunguza neno moja kwenye yale aliyopanga kusema, na alipofika mlangoni yalikuwa yamebaki machache sana. Ofisini Profesa alikuwa na mhadhiri kijana atakayeurithi utafiti wake, ambaye wanafunzi walimwita Miwani. Walikuwa wamezungukwa na karatasi.

“Kinu huyo,” alisema Miwani. “Umekuja kuiaga sura ya mwisho? Imebakiza nukta tu.”

“Picha umepata?” aliuliza Profesa.

Kinu aliweka slaidi kwenye kisanduku cha taa, akawasha, akasogea nyuma.

“Hilo jiwe nililigeuza mimi,” alisema.

Nje mtu alikuwa anaburuta meza koridoni.

“Uligeuza nini?” aliuliza Miwani.

“Jiwe namba saba. Na wapagazi wanne. Miaka miwili kabla ya picha hii, wakati wa ile mvua. Tulikuwa tunaziba upepo.” Akanyoosha kidole bila kugusa. “Kigingi hicho ni changu. Na hayo ni masizi. Nilikuwa sijui bado habari za kuhesabu, Mama. Na niliposikia, sikujua kama ndilo mlilochukua. Nimeliona jana.”

Profesa aliinama juu ya kioo. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba Kinu alianza kuhesabu vigae vya sakafu. Miwani alifungua mdomo.

“Lakini Profesa, si nilisema kwamba jiwe moja—”

“Usiniambie ulichosema,” alimkatiza Profesa, bila kuinua kichwa. “Nitakupa muda wa kukisema wiki ijayo.” Kisha, kwa sauti ileile: “Kinu, mliligeuza nusu au kamili?”

“Kamili. Lilikwenda chali.”

“Upande uliokuwa ardhini ukawa juu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Lilikuwa na udongo?”

“Lilikuwa na udongo na mdudu mmoja. Mvua ilisafisha.”

Profesa aliinua uso. Kinu alikuwa amejiandaa kwa hasira, na zaidi kwa machozi. Alichokiona hakukitarajia. Profesa alikuwa anamtazama kama alivyolitazama lile tuta ng'ambo ya bonde miaka ishirini na minne iliyopita.

“Unene wake,” alisema. “Kutoka chini mpaka juu, baada ya kugeuka. Ulikuwa kiasi gani?”

“Hatukupima.”

“Najua hamkupima. Kumbuka.”

Kinu alifumba macho. Akaona moshi, turubai likipigapiga, na ubao wa vitunguu. “Nilikatia vitunguu juu yake,” alisema polepole. “Nilisimama hivi. Ukingo ulinigusa hapa.” Akaweka kiganja kwenye paja, chini kidogo ya mfuko wa suruali. “Siku tatu. Palichubuka. Mama watoto aliuliza nimeumwa na nini.”

“Usiondoe mkono.”

Profesa alivuta droo, akatoa utepe wa kupimia, akapiga goti mbele ya mponda mawe wake kama fundi nguo anayepima pindo. Kinu aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Alitazama dari.

“Vua kiatu,” alisema Profesa. “Mlimani ulivaa nini?”

“Ndala. Jikoni siku zote ndala.”

“Miwani, kiatu cha huyu kina soli ya kiasi gani? Toa. Ongeza ya ndala. Sabini na moja. Andika sentimita sabini na moja.”

Akaketi sakafuni palepale, karatasi juu ya goti. “Miale inapita ndani ya jiwe, ila inachoka kadiri inavyozama. Upande wa chini nao ulikuwa unahesabu miaka yote hiyo, polepole, kwa ile iliyochoka. Kama jiwe lilituliwa karibu wakati mmoja na wenzake wa chini, elfu kumi na saba. Sasa, ikizama sentimita sabini na moja za jiwe zito kama lile, inabaki sehemu gani? Piga.”

Miwani alibonyeza kikokotoo. “Thelathini kwa mia. Na kitu kidogo.”

“Zidisha kwa elfu kumi na saba.”

Miwani alibonyeza tena. Akatazama kioo cha kikokotoo, akakifuta kwa shati, akatazama tena. “Elfu tano,” alisema, “mia moja na thelathini.”

Ukutani nyuma yao kulikuwa na bango la zamani la mkutano, limefifia, na juu yake maandishi makubwa: miaka 5,100. Wote watatu waligeuka kulitazama.

Profesa alianza kucheka. Alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, akavua miwani yake ya kusomea akafuta macho kwa pindo la blauzi, na Kinu hakuweza kujua kicheko kiliishia wapi na kingine kikaanzia wapi.

“Miaka kumi na tisa,” alisema hatimaye. “Nimeuliza maziwa. Nimeuliza volkano. Nimeuliza mbegu za majani. Sikumwuliza mpishi.”

“Nisamehe, Mama.”

“Nikusamehe nini? Kosa la kuona masizi nikaandika ukungu ni langu, na mwandiko ni wangu.” Alimnyooshea mkono ili amwinue. “Unajua kwa nini sikuwahi kulala vizuri na lile jiwe? Kwa sababu sikuweza kulieleza. Nililitetea, lakini sikuweza kulieleza. Sasa linaelezeka. Mpaka senti ya mwisho.”

“Na sura ya mwisho?” aliuliza Miwani. Sauti yake ilikuwa imepoa. “Ijumaa ni keshokutwa.”

Profesa alitazama rundo la karatasi mezani, kurasa sitini na nne. Kinu aliona kidevu chake kikikaza. Hapo ndipo alipouona uzito wenyewe, kwa sekunde chache tu, kama mzigo unaohamishwa kutoka bega moja kwenda lingine. Kisha Profesa akauchukua.

“Mpigie mchapishaji simu. Mwambie ninahitaji mwaka mmoja. Paja la Kinu ni zuri lakini si ushahidi. Tutachukua kipande upande wa chini. Kama uko elfu kumi na saba, Baridi ya Pili haikuwepo, na nitaandika hivyo kwa mkono wangu, pamoja na kigingi na vitunguu.”

“Watakucheka, Profesa,” alisema Miwani.

“Wapagazi walinicheka kwanza,” alisema. “Nimezoea.”

Walikwenda msimu wa kiangazi uliofuata. Kigingi kilikuwa bado kwenye ufa, kutu tupu, na hakikutoka. Walichimba chini ya jiwe kwa mikono, Kinu akalala kifudifudi na tindo, akatoa kipande kikubwa kama kitabu. Juu ya mfuko aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: SABA, CHINI. Na mwisho wa safari, mizigo ikifungwa, aliulizwa swali lake, akalitoa: kama barafu haikurudi, basi iliondoka kwa haraka gani kutoka tuta kubwa hadi tuta dogo, hata matuta yote mawili yakaonekana ya siku moja?

“Sijui,” alisema Profesa, akasimama na mzigo mgongoni. Alitembea kimya mpaka kambi ya chini, na usingizini, kwa maneno ya wapagazi, alikuwa anasema namba.

Siku ya kuponda kipande kile, Profesa alikuwa ameshastaafu. Alikuja hata hivyo. Aliunyanyua mlango kwa goti kama mwenyeji, akavaa barakoa, akaketi juu ya ndoo ileile. Kinu aliweka jiwe kwenye taya za mashine lakini hakuwasha.

“Kuna kitu nataka kukuuliza,” alisema Profesa. “Swali moja tu.”

Kinu aligeuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali katika chumba kile, isipokuwa lini kitu kitakuwa tayari.

“Mwaka ule nilipoleta mifuko saba, uliujua mlima ule na matuta yale. Ulishajua pia kwamba jiwe likigeuzwa linadanganya. Kwa nini hukuniuliza namba saba limetoka wapi hasa?”

Kinu alifikiri. Alilifikiria swali hilo kwa heshima, akilizungusha kama alivyozoea kuyazungusha ya kwake kabla ya kuyatoa.

“Nilikuwa na swali moja kwa safari,” alisema. “Na safari ile sikuwepo.”

Profesa alishusha barakoa. Kisha akatikisa kichwa, akavuta kutoka mkobani daftari dogo na kalamu, akamwekea juu ya benchi, kando ya chekeche.

“Kuanzia leo andika yote,” alisema. “Hata ya safari usizokwenda. Sasa washa, tuone.”

Kinu akawasha mashine.